Kitufe cha Giza

Kwenye meza yangu ya kazi kuna vitufe vingi, lakini ninavyovitumia ni viwili tu. Kimoja kinaleta mstari unaofuata. Kingine kinaifanya skrini iwe nyeusi, na sisi wa kazi hii tunakiita kitufe cha giza. Mtu yeyote anaweza kufundishwa kuvibonyeza kwa dakika tano, na mimi nimevibonyeza kwa miaka kumi na saba. Kwa hiyo nikisema kwamba siku ile nilibonyeza kisichostahili, nisitafutiwe kisingizio cha kidole kuteleza. Kidole hakikuteleza.

Kazi yangu ni maneno ya pembeni. Jumba letu la taifa la maonyesho hapa Taipei, lile lenye paa la vigae vya manjano na nguzo nyekundu, lina skrini mbili nyembamba, moja kila upande wa jukwaa. Mwimbaji anaimba, mimi nimekaa katika kibanda cha kioo nyuma ya viti vya juu kabisa, na kila anapoanza mstari mpya nauleta kwa maandishi. Bila hivyo vijana hawaambulii kitu, maana nyimbo hizi zinaimbwa kwa Kitaiwan cha bibi zetu, na wao wamekulia kwenye Kichina cha shuleni. Mwimbaji akisahau au akipotea, unatia giza mpaka arudi njiani. Ndiyo sheria ya kwanza niliyofundishwa. Aliyenifundisha alisema kitufe kile si cha mitambo, ni cha kumsitiri mtu.

Na mtu niliyekataa kumsitiri ni shangazi yangu.

Shangazi Giok-tin ni dada wa baba yangu, na ndiye aliyenilea. Baba aliendesha malori ya kusini na nyumbani alikuwa mgeni tu. Mama alikwishaondoka zake. Shangazi alikuwa mwimbaji wa opera za mbele ya hekalu. Siku ya kuzaliwa kwa mungu fulani, kikundi kinajenga jukwaa la mbao na mabomba likitazamana na hekalu, kinamwimbia mungu mchana kutwa, na binadamu wakitaka kusikiliza, wasikilize. Mimi nimelala ndani ya masanduku ya mavazi kabla sijajua kitanda.

Shangazi hakujua kusoma. Alipelekwa kwenye kikundi akiwa na miaka saba, na huko hakuna aliyeona haja, maana opera za hekaluni hazina mswada. Kabla ya kuanza, mzee mmoja anawasimulia waimbaji kisa: wewe ni mama, wewe ni binti, mtakutana mlangoni, mtalia, mtatambuana. Basi, imekwisha. Maneno kila mtu atajitafutia mwenyewe akishafika jukwaani. Mwimbaji akitaka kubadili wimbo, anatoa kidole pembeni ya mkono mrefu wa vazi lake, kimoja kwa wimbo huu, viwili kwa ule. Mpiga ngoma anakiona, ngoma inageuka, zeze linafuata. Mpiga ngoma wa Shangazi alikuwa Mzee Tsai, na kwa miaka thelathini hakuwahi kukikosa kidole chake.

Sifa yake Shangazi ilikuwa wimbo wa kilio. Nimewahi kuona wanaume wazima wameshika soseji ya kuchoma wanasahau kuitia mdomoni. Lakini hao walikuwa wachache. Wengi walipita na pikipiki, walinunua vyakula vinavyokaangwa pale pale, walipiga kelele. Shangazi alikuwa na tamaa moja tu maishani ambayo nimeisikia kwa masikio yangu, na alikuwa akiisema kwa mzaha ili asionekane anaomba.

"Mimi nataka siku moja niimbe mahali ambapo hakuna mtu anakaanga kitu."

Mwaka ule Jumba liliamua kualika vikundi vya mbele ya mahekalu, na kikundi chake kikawa cha kwanza. Yeye alikuwa na miaka sitini na sita, mimi thelathini na moja. Nilikuwa tayari nafanya kazi ya skrini pale, na nilikuwa nimemaliza masomo ya tamthilia chuoni, kwa hiyo wakanipa niandike mswada. Ndani ya Jumba lazima mswada uwepo, la sivyo skrini zionyeshe nini? Jina langu, Hong Phik-hun, lilichapishwa kwenye kijitabu cha onyesho, chini kidogo ya jina la Shangazi. Nilikisoma kijitabu kile chooni, kwenye treni, kitandani. Aibu yangu yote ilianzia kwenye kijitabu kile, nikisema kweli.

Kisa kilikuwa cha kawaida kabisa. Mama mmoja wakati wa njaa anamtoa binti yake wa miaka mitatu kwa nyumba ya mkuu, na baada ya miaka ishirini anarudi mlangoni pale kama ombaomba. Binti anatoka nje, hamtambui. Mama anaimba. Hapo ndipo nilipoweka beti zangu nzuri kuliko zote. Niliandika upepo wa kaskazini, mwezi juu ya vigae, machozi kama shanga zilizokatika uzi.

Kwa miezi mitatu nilikaa jikoni kwa Shangazi namsomea, naye anarudia. Sikio lake lilikuwa kali, alishika haraka. Tatizo ni kwamba kesho yake alikuwa ameshabadilisha. Si kwa kusahau tu. Alikuwa anaona yangu hayafai.

"Wewe Hun, hebu nieleze," aliniambia siku moja anamenya vitunguu saumu. "Huyu mama hajamwona mwanawe miaka ishirini. Sasa amemwona. Halafu anamwambia habari za mwezi?"

"Ni ushairi, Shangazi."

"Sawa, ushairi. Lakini mtoto amekula au hajala?"

Nilikasirika. Nilikuwa na mwalimu wangu wa chuo ambaye angekuja kuona, nilikuwa na kijitabu chenye jina langu, na mwanamke asiyejua kusoma alikuwa ananisahihisha huku ameshika kisu cha jikoni. Nikamwambia kwamba ndani ya Jumba watu hawaendi kula soseji, wanakwenda kusikia lugha, na kama hawezi kuimba kilichoandikwa bora aseme mapema. Akamenya vitunguu vyote vilivyobaki. Tangu siku ile hakubadilisha hata neno, akawa anarudia beti zangu kwa sauti ndogo ya mtoto anayeogopa fimbo, na mimi mjinga nikaona tumefaulu.

Wiki ya onyesho alikuja kuona jukwaa. Alisimama nje ya Jumba muda mrefu ameinua shingo, anaangalia paa, zile pembe zilizopinda juu, mihimili yenye rangi. Kisha akaunganisha viganja akainama mara tatu, mlangoni kabisa, watalii wanapita.

"Miaka hamsini na tisa nimeimba nikilitazama paa la namna hii," alisema. "Sijawahi kuimba nikiwa chini yake."

Ndani alinong'ona akiniuliza mungu wa humu anakaa wapi. Nikamwambia hamna mungu, kuna ofisi tu. Alicheka, lakini alivuka kizingiti bila kukikanyaga, kama anaingia hekaluni.

Nilimpandisha hadi kibandani kwangu. Nilimwonyesha skrini, nikamweleza kwamba maneno yake yatatokea pale kwa wasiojua Kitaiwan. Aliangalia maandishi yakipita, kwake yalikuwa mwanga tu. Akauliza kitufe cha pili ni cha nini.

"Hicho cha giza. Mtu akisahau maneno, nazima, watu wasijue."

"Basi mimi nitakupa kazi kwenye hicho," alisema, akanipiga begani. Halafu akaziangalia tena skrini. "Kwa hiyo mdomo wangu mwingine uko huku kwako. Haya. Mimi sina wasiwasi."

Onyesho lilikuwa Jumapili saa nane na nusu mchana. Kikundi kilikuja asubuhi na masanduku yao, na mungu wao wa opera ndani ya kisanduku chake, wakamweka kwenye meza ya vipodozi na vijiti vya uvumba visivyowashwa, maana moto hauruhusiwi. Mchekeshaji wa kikundi alijipaka wa kwanza, doa jeupe puani, kwa sababu mpaka yeye ajipake hakuna mwingine anayegusa rangi. Vijana wetu wa Jumba walikuwa wanapiga picha. Mimi nilikuwa napita pita na kadi yangu shingoni nikijifanya nina haraka.

Shangazi aliniita mbele ya watu wote. Alikuwa ameshavaa nguo za ombaomba, uso umepakwa nusu. Alitoa kwenye mfuko wa plastiki kifurushi cha wali wa kunata, umefungwa kwa majani ya mwanzi, bado una joto.

"Hujala tangu asubuhi. Nimemuuliza Lo, amesema hujala."

Lo alikuwa msimamizi wa jukwaa, mtu mpole asiyepaza sauti, na ndiye aliyekuwa akizungumza nami kwenye vifaa vya masikioni wakati wa onyesho. Alikuwa amesimama pale pale. Na vijana wawili wa taa walikuwa wanatabasamu, pengine kwa wema, lakini mimi niliona wanatabasamu kwa harufu ya vitunguu na nyama iliyotoka kwenye majani yale.

"Shangazi, si hapa," nilisema chini chini. "Huku hatuli. Watu wanaangalia."

Aliangalia kushoto na kulia kama mtu aliyeshikwa anaiba. Akasema nitakula baadaye basi, nisiuache ukapoa, akautia kifuani ndani ya nguo za ombaomba. Mimi nikapanda kibandani.

Viti vyote vilijaa. Mwalimu wangu wa chuo alikuwa safu ya tano. Saa nzima ya kwanza ilikwenda vizuri kabisa, Shangazi anaimba kilichoandikwa, mimi nabonyeza, mstari baada ya mstari, na ukumbi mzima kimya. Hakuna aliyekaanga kitu. Nilimwona jinsi alivyokuwa anausikiliza ule ukimya katikati ya mistari. Alikuwa anachelewa kidogo kuanza mstari unaofuata, kwa utamu wake tu.

Tukafika mlangoni kwa mkuu. Binti akatoka. Taa zikapungua. Nikaleta mstari wangu wa kwanza, ule niliouandika mara arobaini: *Sina kitu mkononi ila upepo wa kaskazini.*

Shangazi alifungua mdomo, na maneno hayakuwepo.

Nililiona hilo kabla ya mtu yeyote ukumbini, maana nimemwangalia mwanamke yule tangu nikiwa sandukuni. Akajipiga kifua mara moja, kama mwongozaji wa onyesho alivyomfundisha, kilio kinapoanza. Mkono ukagusa ule wali. Ukatulia pale. Nikaona uso wake ukibadilika, ile sauti ya mtoto anayeogopa fimbo ikamwacha, akawa Giok-tin wa mbele ya hekalu. Vidole vikatoka pembeni ya mkono wa vazi, viwili, wimbo wa kilio wa taratibu. Mzee Tsai akaviona. Ngoma ikageuka, zeze likafuata.

Akachomoa kifurushi kutoka kifuani akakinyoosha kwa mikono miwili, akaimba: "Mwanangu, nimekuletea wali. Nimeuficha hapa usipoe. Umebondeka kidogo, lakini ni mtamu. Hujala tangu asubuhi."

Na pande zote mbili za jukwaa, kwa herufi nyeupe, paliandikwa kwamba hana kitu mkononi.

"Hun, giza," sauti ya Lo ilisema masikioni mwangu.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nasema hivi kwa sababu kwa miaka nimejaribu kujiambia kwamba nilishtuka. Sikushtuka. Niliwaza kwa utulivu kabisa. Niliwaza kwamba nikitia giza sasa, beti zangu hazitasomwa na mtu. Mwalimu wangu atarudi nyumbani akidhani mimi, baada ya miaka yote ile ya chuo, niliandika habari za wali uliobondeka. Niliwaza: acha waone kilichoandikwa, wajue nani amekosea.

Mtu mmoja akacheka, kijana, mahali fulani katikati.

"Hun. Giza. Unanisikia?"

Nilibonyeza kitufe kingine. Mstari wa pili ukaja: *Sithubutu kukuuliza hata neno moja.* Na Shangazi, ambaye hakuweza kujua, wakati ule ule alikuwa anamuuliza binti ni nani anamfulia nguo, analala saa ngapi, mbona amekonda hivi. Hapo kicheko kikashika. Si cha ubaya, watu walijizuia, waliziba midomo, lakini watu elfu moja na mia tano wakijizuia wanasikika. Waliangalia skrini, walimwangalia yeye, waliangalia skrini tena. Nikaleta mstari wa tatu.

Mbele ya hekalu watu wanacheka kwa sababu unazozijua: mbwa amepanda jukwaani, kofia imeanguka. Shangazi alizitafuta sababu hizo. Aliangalia chini, akashika ukosi wake, akashika mshipi. Akageuka kidogo kuangalia kama kuna kitu nyuma yake. Halafu akainua mkono akajigusa pua, kisha akaangalia ncha za vidole, kuona kama ana lile doa jeupe la mchekeshaji.

Ndipo nilipotia giza. Hakukuwa na cha kusitiri tena.

Alitoa kidole kimoja, kile cha kumaliza. Mzee Tsai aligonga mara mbili, taratibu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwona anasita kumfuata. Wimbo wa kilio ambao watu wa miji mitatu walikuja kuusikia uliishia hapo. Binti alimtambua mama yake haraka haraka, wakakumbatiana, pazia likashuka dakika kumi na mbili kabla ya wakati. Makofi yalipigwa, tena mengi. Watu walikuwa wamefurahi.

Nilikaa kibandani mpaka viti vilipokuwa vitupu. Niliposhuka, Shangazi alikuwa amekaa mbele ya kioo bado na nguo za ombaomba. Hakuwa analia. Alinivuta karibu akaniuliza kwa sauti ya chini, ili wenzake wasisikie.

"Hun, walinicheka nini?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema kweli, na ilikuwa pana. Nikasema, "Mashine iliharibika, Shangazi. Ilileta maneno ya sehemu nyingine."

Kwanza uso wake ulilegea, kwa nafuu. Kisha akashtuka, akanishika mkono. Akauliza kama wamenigombeza, kama watanifukuza kazi. Nikamwambia hapana. Hakuamini. Akainuka, akajifuta mikono kwenye vazi, akaenda moja kwa moja hadi kwa Lo aliyekuwa anahesabu vifaa vya jukwaani. Mimi nilimfuata nikimshika nguo, nikimwambia aache, naye akanisukuma nyuma kama nilipokuwa mdogo.

"Bwana Lo," alisema, akainama, mwili mzima, mtu wa miaka sitini na sita. "Naomba usimtie makosani mtoto wangu. Mashine ndiyo iliyoharibika, si yeye. Mimi mwenyewe nilisahau maneno, nikamchanganya. Kosa liwe langu."

Lo alikuwa ameniambia giza mara mbili, na alijua kwamba nilimsikia. Aliniangalia juu ya mgongo wa Shangazi ulioinama. Nimeangaliwa vibaya na watu wengi maishani, lakini yule hakuniangalia vibaya. Aliniangalia kama anasubiri niseme kitu. Alisubiri. Nilijishughulisha na kadi yangu shingoni.

"Mashine huharibika, mama," Lo alisema mwishowe. "Inuka tafadhali. Umeimba vizuri sana."

Alipoondoka Shangazi, Lo alichukua kile kifurushi cha wali mezani kwenye vifaa, akaniwekea kiganjani. Akasema hakimo kwenye orodha yake. Hakuongeza neno, si siku ile wala baadaye, na tumefanya kazi pamoja hadi alipostaafu.

Wali ule ulikuwa umepoa. Niliubeba hadi stesheni ya treni ya chini ya ardhi, na pale mlangoni nikautupa kwenye pipa.

Miaka miwili baadaye Jumba lilimwalika tena. Alikataa. Aliwaambia magoti yanamsumbua, na wiki hiyo hiyo akaimba siku tatu mfululizo mbele ya hekalu la mtaani. Mimi aliniambia sababu ya kweli: mashine ile ikiharibika tena mikononi mwangu, safari hii hawatanisamehe. Huko mahekaluni watu wakimuuliza kuhusu Jumba alikuwa anawasimulia jinsi mpwa wake alivyopata taabu na mitambo mibovu, na watu walinionea huruma, wakaninunulia chai. Nilikunywa.

Jumba lilikipa kikundi diski ya onyesho lile. Shangazi aliifunga kwa kitambaa chekundu akaiweka chini ya kisanduku cha mungu wa opera. Hakuwahi kuitazama. Alisema hataki kuona nilivyoaibika.

Alipoacha kuimba, na miaka yake sabini na tisa, alijiandikisha darasa la kisomo cha wazee, Jumatano mchana, katika shule ya msingi iliyo nyuma ya nyumba yake. Nilifurahi naye. Nilimnunulia penseli. Alikuwa ananisomea mabango ya dukani kwa fahari, na mimi namsifu, na haikunipitia akilini hata siku moja kwamba mtu akijua kusoma atasoma chochote. Hesabu hiyo ndogo, mimi niliyesoma chuo, ilinishinda.

Jumapili moja ya mwaka jana nilifika kwake saa tano asubuhi, nikakuta kitambaa chekundu kiko mezani. Televisheni ilikuwa imewashwa na picha imesimamishwa. Yeye mwenyewe alikuwa ndani ya picha, kwenye nguo za ombaomba, ameshika kifurushi kwa mikono miwili, na pembeni yake skrini.

"Keti, Hun," alisema.

Akaisogelea televisheni, akaweka kidole kwenye kioo chini ya herufi, akasoma kama wanavyosoma darasani, neno moja moja. "Sina. Kitu. Mkononi." Akaruhusu picha iende, kicheko kikasikika, akaisimamisha tena. "Sithubutu. Kukuuliza." Neno lililofuata lilimsumbua, akalikazia macho, akalipata.

"Yanasomeka vizuri," alisema. "Yamefuatana. Hayajakatika popote."

Nilikitazama kitambaa chekundu mezani.

"Mashine ilikuwa nzima."

"Ilikuwa nzima, Shangazi."

"Na kile kitufe ulichonionyesha?"

"Nacho kilikuwa kizima."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokuwa anaijua. Akaruhusu picha iendelee. Tukamwona, sisi wawili, akitafuta mbwa nyuma yake, akishika ukosi, akijigusa pua na kuangalia vidole. Nilitaka anipige. Nilikuwa na miaka arobaini na nne, na nilitaka anipige kama zamani, kwa ufagio, tumalizane. Yeye aliisimamisha picha kwenye mstari wangu wa tatu, ule wa shanga zilizokatika uzi. Akausoma mpaka mwisho bila kukwama.

"Huu ulikuwa mzuri," alisema. "Ningejua kuusoma ningeuimba."

Nikaanza kulia, na hata hilo nililionea haya.

"Na ule wali," aliuliza. "Uliula lakini?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini. Nikaumeza.

"Niliutupa. Kwenye pipa la stesheni."

Hapo ndipo alipokasirika. Akanigeukia mzima mzima. Aliniambia aliamka saa kumi alfajiri kuufunga, akaloweka majani tangu jana yake, akaweka uyoga adimu kwa sababu ninaupenda, halafu mimi nautupa stesheni, watu wanapita wanaona chakula cha nyumba yetu kwenye pipa. Aliuliza kama hivyo ndivyo alivyonilea. Aliuliza kama chuoni ndiko nilikofundishwa. Aligomba mpaka sauti ikakauka, kwa wali tu. Habari ya skrini hakuitaja tena, na hajaitaja hadi leo.

Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, napokea. Kwenye televisheni mstari wangu ulikuwa bado umesimama, mweupe, mkubwa, na kila nilipoinua macho nilikutana nao. Shangazi aliniona ninavyoukwepa. Akachukua rimoti, akazima. Kioo kikawa cheusi, naye akaenda jikoni kuloweka mchele.